Miche Elfu Mbili kwa Ajili ya Bodi

Jumatatu, 4 Machi

Sina raha. Asubuhi meneja ametuita mimi na Pacha, akafunga mlango. Huwa anafunga mlango akiwa na habari mbaya au keki. Keki hatukuiona.

Nieleze kidogo, wajukuu wakija kusoma humu wasidhani nafanya kazi na ndugu yangu. Kampuni yetu ya umeme wa maji ni ya serikali mbili, nusu kwa nusu, na mto ndio mpaka. Mkataba unasema wakipata hawa, wapate na wale. Basi kila mfanyakazi ana mwenzake wa upande wa pili, kazi ileile, meza zinatazamana. Huyo ndiye pacha wako. Hata saa za ukutani ni mbili. Ya kwao iko mbele dakika tatu, na hakuna mwenye mamlaka ya kuirekebisha peke yake.

Pacha wangu ni mama mmoja mpole, mpole kiasi cha kutia mashaka. Mimi na yeye ndio Kitengo chote cha Uendelevu na Uwajibikaji kwa Jamii. Na sasa bodi inataka kitengo kiwe na mkuu mmoja. Mmoja! Ijumaa wajumbe wanakuja kukagua mradi wa kila mmoja wetu, halafu wachague. Atakayekosa atapelekwa ghala la vipuri. Ghala nalijua, nimehesabu nati mle miaka tisa. Sirudi.

Mradi wa Pacha ni king'ora. Chini ya bwawa watu hufua na kuvua juu ya mawe, na milango ikifunguliwa maji huwajia ghafla. Wiki mbili sasa anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza kitakavyolia. Nimemhurumia. King'ora utakipigaje picha?

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba ukuu ni wangu, zimebaki karatasi tu. Amempigia mama yake papo hapo. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza.

Jumanne, 5 Machi

Miche elfu mbili! Bustani ya idara ya misitu ilikuwa nayo imebaki, nikaichukua yote kabla ya mtu kuuliza ni ya nini.

Eneo nililopewa la kupanda miti liko juu mlimani, ukingo wa kulia. Mwamba mtupu. Jembe linadunda. Nikashuka hadi karibu na maji, nikakuta udongo mweusi, laini, wenye unyevu wake, mahali papana na hapana hata kichaka. Nilishangaa kwa nini hakuna aliyewahi kupaona. Ndiyo tofauti yangu na watu.

Nimekodi kina mama wa kijijini wachimbe mashimo. Mmoja akaniuliza kama hii miche inajua kuogelea. Nikacheka naye ili ajisikie huru, kisha nikamwomba aongeze kasi.

Kila asubuhi watu wa mitambo hutuletea mezani taarifa ya kina cha maji, kurasa nne. Sijawahi kuisoma. Leo imenifaa sana, nimeitandika garini matope yasichafue viti.

Jumatano, 6 Machi

Miche yote iko ardhini. Mistari imenyooka. Nimesimamisha kibao kirefu, jina langu juu kwa herufi kubwa, la kampuni chini yake kwa herufi za kawaida.

Saa nne ratiba ikatoka na moyo ukaniruka. Wageni watapita barabara ya ukingo wa kushoto, yaani kwa Pacha kwanza. Watakunywa chai yake, watafika kwangu wameshiba na wamechoka. Pacha akasema tubadilishane, nianze mimi. Nikakataa. Mtu hakupi nafasi ya kwanza bure bure.

Nilizunguka meza mpaka mhudumu akaniuliza nimepoteza nini. Ndipo wazo likanijia. Boti! Kutoka ukuta wa bwawa moja kwa moja hadi kwenye miti yangu, Pacha abaki na chai yake. Tatizo ni gati. Maji yameshuka, boti imekaa juu ya matope kama bata aliyesusa.

Nikaenda chumba cha mitambo kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye anayeongoza maji. Nikamwambia nahitaji mita moja na nusu kufikia Ijumaa. Akasema mvua inakuja huko juu, akiifunga milango bwawa litajaa lenyewe, ila ombi la wageni rasmi lazima lisainiwe na pande mbili. Nikasaini. Upande wa pili, bila shaka, ni Pacha.

Alilisoma ombi mara mbili.

“Umeangalia maji yatafika wapi?”

“Yatafika gatini,” nikamjibu.

Akasaini. Masikini, haoni hata anakopelekwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi! Mbingu nazo ziko upande wangu. Miche inanyweshwa bure.

Siwezi kukaa. Nimeenda dirishani mara kumi na moja. Nimekariri hotuba mbele ya kioo cha chooni, fundi umeme akaingia, nikajifanya naimba. Saa tisa boti imeelea yenyewe, inacheza cheza gatini. Karibu nilie kwa furaha.

Mke wangu kaomba akaione miti kabla ya wageni. Nimemwambia miti haikimbii.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Wajumbe wanane, wanne kwa wanne, wakaketi kila upande wa boti kwa idadi sawa kama mkataba unavyotaka. Mwenyekiti mbele, Pacha nyuma na mwavuli wake. Ziwa limejaa, zuri ajabu. Nikasimama, nikaanza hotuba. Nikafika pale pa vizazi vijavyo, nahodha akapunguza mwendo, nikanyoosha mkono kuonyesha.

Maji. Kushoto maji, kulia maji. Katikati kibao changu kimezama hadi shingoni. Jina la kampuni halionekani. Langu linasomeka vizuri kabisa.

Mwenyekiti akauliza miti iko wapi. Sikuwa na uongo wa karibu, nikasema ukweli.

“Tuko juu yake, mheshimiwa.”

Wote wanane wakainama kutazama chini, na boti ikainama nao. Mjumbe mmoja akauliza ni nani aliyeagiza maji yajazwe. Shemeji alikuwa ameniwekea nakala ya ombi ndani ya boti, kwa usalama wangu, kasema. Saini yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Pacha.

Halafu simu ikalia, shemeji tena. Mvua imezidi, maji yamepita alama, lazima afungue milango sasa hivi. Tukarudi mbio ukutani. Pacha akatoa simu yake, akasema maneno mawili, na king'ora kikalia.

Tulisimama ukutani, tukatazama chini ya bwawa. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, labda sitini. Hakuna aliyekimbia. Kina mama walikusanya nguo, wakashika watoto mikono, wavuvi wakakunja nyavu, wakapanda wote kwa njia ileile hadi juu kwenye mawe meupe, kana kwamba wameitwa kula. Bibi mmoja alibebwa mgongoni na mwanaume aliyemwachia kapu lake jirani. Baada ya robo saa milango ikafunguliwa, na pale walipokuwa pakawa mto unaonguruma.

Nilishukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Maji yale ni mimi niliyeyakusanya. Nikakaa chini kwenye zege. Pia niliona wivu, siwezi kuficha. Mwenyekiti alikuwa anampigia Pacha makofi.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kafika na zawadi imefungwa kwa karatasi ya dhahabu. Nimemwambia ukuu bado uko kwenye mchakato. Kumbe shemeji, mwanawe, alishamsimulia yote, mpaka boti ilivyoinama. Aliuliza tu kama ghalani kuna feni.

Zawadi ameirudisha kwenye mkoba.

Jumatatu, 11 Machi

Pacha ndiye mkuu. Nilianza kukusanya kalamu zangu mapema, nionekane nimeamua mwenyewe. Meneja akaniita. Nikamkuta Pacha yuko naye, na mlango uko wazi.

Kumbe amekataa nirudishwe ghalani. Amemkumbusha meneja mkataba: ukingo wa kushoto una king'ora, wa kulia lazima upate, na lazima awepo mtu wa kukisimamia. Akanigeukia.

“Kufunga si kazi, mafundi wapo. Kazi ni kutembea. Nyumba mia mbili na kumi. Gonga kila mlango, waeleze kitakavyolia na waelekee wapi. Tukijaribu, asiwepo hata mmoja ambaye hakuambiwa.”

Nilikuwa nimemfikiria vibaya mama huyu. Nikamwahidi mbele ya meneja, nikamwahidi tena kwenye korido.

Nimeanza saa nane. Nyumba ya kwanza wamenikaribisha kiti. Ya pili wana mbwa. Ya tatu mzee kaniuliza maswali arobaini, mengine hayahusu maji. Nyumba tatu, saa mbili nzima! Nimekaa kwenye jiwe kupumzisha miguu, nikapiga hesabu ya nyumba tatu kwa siku, nikaona nitamaliza mwezi wa tano.

Na hapo likanijia. Hivi watu wakishaambiwa, utajuaje kama wamesikia king'ora au wamekumbuka tu walichoambiwa? Kipimo cha kweli ni cha ghafla. Nitakiliza Jumapili alfajiri, wote wamelala, bila kumwambia mtu. Wa Pacha walitembea polepole mno, bodi haikuona lolote la kusisimua. Wangu watatoka mbio.

Barua ya kuwaalika wajumbe nimeshaiandika. Pacha sijamwambia, nataka afurahi siku hiyohiyo.