Nilivyofundisha Kura ya Siri Nyamitaba

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya watu wa kilima kizima, nikiwa nimevaa koti langu la harusi. Ninawaandikia mapema, ndugu zangu walimu wa Ntoto na Itebero, kabla habari haijawafikia kwa wachuuzi ikiwa imeota mkia.

Mnaijua kazi tuliyopewa sisi walimu: kuwafundisha watu kupiga kura. Hapa Nyamitaba wajumbe wa baraza walikuwa wakipatikana kwa namna moja tu. Chifu alitaja jina, akawatazama watu, watu wakanyoosha mikono. Nani angeuacha mkono wake chini huku chifu anamtazama? Sasa imekuja namna mpya. Unaingia peke yako kwenye kijumba, unachagua karatasi ya mtu umtakaye, unaitia katika bahasha, unatoka na kuitumbukiza sandukuni. Hakuna anayekuona. Mimi jambo hili nimelipenda kwa moyo wote. Darasa langu linavuja tangu nilipofika, na wajumbe wote waliowahi kuketi barazani ni marafiki wa chifu, watu ambao paa zao hazivuji.

Shida ni kwamba watu hawakuamini. Papa Mihigo, mfugaji ambaye wanaume wa hapa hawaamui neno bila yeye, alinisimamisha juzi baada ya ibada.

"Mwalimu, mule ndani mutaficha muntu. Atatuangalia, kisha ataenda kuambia shefu."

"Hapana, Papa. Hakuna muntu."

"Basi utaingia wewe wa kwanza, sisi tunaona. Kama iko kweli, tutakuya siku ya kura. Kama iko bongo, tutabakia na ng'ombe zetu."

Kwa hiyo leo ilikuwa siku ya mazoezi, na kila kitu kilinitegemea mimi. (Hapo tu mngejua mambo yataharibika.) Kijumba tulikijenga kwa miti na majani ya migomba, pembeni mwa uwanja wa shule. Mlango wake tuliuelekeza upande wa njia ili waliokaa uwanjani wasione kitu, na pazia lilikuwa kikwembe cha mke wangu. Ndani tuliweka kiti, bahasha na karatasi za mazoezi: nyingine zina picha ya jembe, nyingine picha ya ngoma.

Watu wakajaa. Ajenti wa serikali, Mzungu kijana mwenye soksi ndefu, akaketi kando ya sanduku. Wanaume wakakaa mbele, maana ndio wanaopiga kura. Wanawake wakasimama nyuma. (Mke wangu aliniuliza kwa nini sheria imewaacha. Nilishikwa na kikohozi.) Nikahutubia. Nilihutubia sana, mnanijua. Nikasema mule ndani mtu yuko peke yake na Mungu wake. Kisha nikaweka koti sawa, nikazunguka hadi mlangoni, nikafunua kikwembe, nikaingia.

Ndani alikuwa ameketi mama mkwe wangu.

Kwa ajili ya mwenzetu wa Itebero ambaye hajaoa, nieleze. Huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Jina lake halitajwi. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Tangu nioe nimemfahamu mama huyu kwa mgongo tu. Leo alikuwa anakuja kumwona mjukuu wake mchanga, akaniona nimesimama uwanjani, akajificha mahali pa kwanza alipopaona. Alishika adabu. Ni mimi niliyemfuata huko huko.

Magoti yetu yaligusana. Yeye alijifunika uso kwa kikapu cha maharage. Mimi nilipiga yowe, nikatoka kinyumenyume na kikwembe shingoni.

Papa Mihigo alikuwa ameshasimama. "Mwalimu, nini iko mule?"

"Hakuna kitu, Papa."

Maharage yakaanza kumiminika chini ya ukuta wa majani, yakielekea uwanjani.

"Iko muntu?"

"Iko... iko muntu."

"Nani?"

Ningesema nini? Kumtaja siwezi. Kumnyooshea kidole ni matusi. "Siwezi kusema, Papa."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Tulijua. Njo mupelelezi wa shefu." Wanaume wakaokota fimbo zao, wakaanza kuondoka. Ajenti akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kiwete. Jamani, nilitaka kulia. Nililiona lile paa langu, na mikono ile ikinyooshwa tena mbele ya chifu, yote kwa sababu yangu.

Na mama mkwe hakuweza kutoka maadamu mimi nimesimama pale. Basi nikavua koti, nikajifunika kichwa, nikachuchumaa nikiuelekea ukuta wa shule. Makalio yangu yakabaki yanaitazama serikali.

Nikasikia majani ya kijumba yakichakarika. Halafu nyayo. Halafu sauti ya mwanamke huko nyuma: "Eh, iko mama mukwe wake."

Sijawahi kusikia kicheko kirefu namna ile. Ndani ya koti langu nilimsikia Papa Mihigo, akihema kwa kucheka, akiuliza, "Mama, uliingia mule wakati gani?"

"Wakati alianza kusema."

Nikamsikia akiwaambia wenzake: "Anasema tangu asubuhi. Sisi wote tulikuwa hapa, macho wazi, hakuna muntu alimuona. Hata mukwe wake hakujua. Basi ile nyumba inaficha kweli."

Fimbo zikarudi chini. Wakapanga mstari, Papa Mihigo mbele, wakapiga kura za mazoezi mpaka karatasi zikaisha. Alipotoka, mdogo wake alimuuliza amechagua nini. Akamwambia ashughulike na mambo yake. Mimi niliyasikia hayo yote kwa masikio tu, bado niko ndani ya koti, maana mama mkwe alikuwa amekaa na wanawake akila viazi na hakuwa na haraka.

Jioni hii nimefika nyumbani nikamkuta mke wangu anajifuta machozi ya kucheka. Kumbe mama yake alitoka kijumbani na bahasha mkononi, akaitumbukiza sandukuni, akampita ajenti bila hata kumsalimu.

"Alichagua jembe ao ngoma?" nikauliza.

"Hasemi. Amesema usimuulize."

Naomba msicheke. Wanawake hawajaruhusiwa kupiga kura, hiyo ndiyo sheria, nami ndiye niliyetumwa kuifundisha. Lakini ninyi mnaoweza kumtazama mama yule usoni, njooni mkamwambie.