Ngoma Katika Jalada la Filimbi

Jumatatu, tarehe 4
Wewe unayesoma, nakusihi, lisikutoke hata neno moja, hasa mbele ya Mkuu wa Masjala. Akijua karani wake anatafuta kazi kwingine, nitazikwa kwenye chumba cha majalada ya zamani hadi nistaafu. Studio ya muziki iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na masjala, inataka msaidizi wa fundi. Mtihani: wimbo mmoja, traki nne zilizotengana, yaani kila ala na rekodi yake, mwisho Ijumaa saa kumi. Nimeazima kinanda cha umeme cha mjomba. Kimehifadhi wimbo wangu: ngoma, besi, nyuzi, filimbi. Nimekiunganisha na kompyuta, nikafungua traki nne na kuziandika lebo: 01 Ngoma, 02 Besi, 03 Nyuzi, 04 Filimbi. Nikarekodi zote kwa mkupuo. Kazi rahisi. Sielewi wengine hulalamikia nini.

Jumanne, tarehe 5
Dada yangu, mshonaji, alisikiliza 04. Akauliza ni filimbi gani inapigwa kwa magongo. Nikafungua 01: wimbo mzima. 02: wimbo mzima. Nakala nne za kitu kimoja. Nikamweleza kwamba lebo, hata hivyo, ziko sahihi. Akasema hata yeye akibandika "gauni" kwenye suruali, mteja atarudi tu.
Kazini, karani mwenzangu (tunamwita Mhuri, hugonga mihuri hata barua zisizo zake) alinikuta nikichora nyaya nyuma ya fomu. Nikasema ni ramani ya kwa shangazi. Akauliza kama shangazi anaishi ndani ya redio.

Jumatano, tarehe 6
Ajabu. Kinanda kina matundu mawili tu ya kutolea sauti. Zote nne huchanganyika humo ndani kabla hazijafika kwenye waya, na traki zangu zote zilisikiliza matundu yale yale. Mbona sikuchungulia nyuma? Masjala hatuulizi barua imepitia wapi, tunasoma jalada.
Mbinu mpya: zima sauti tatu, rekodi moja, rudia mara nne. Safari hii kila traki ina chake. Nikazipiga pamoja. Besi ikaifuata ngoma kama mtumishi aliyechelewa kazini. Kila mara nilibonyeza kompyuta kwa mkono wa kulia na kinanda kwa wa kushoto, ili vianze pamoja. Wa kushoto ni mwoga zaidi.

Alhamisi, tarehe 7
Mjomba kaja kuulizia kinanda chake. Akasikiliza, akacheka, akasema kinanda kina saa yake na kompyuta ina yake, sasa mkubwa nani hapo, mjomba? Nikakiri sijui. Akachomeka waya wa pili, usiobeba sauti bali amri tu, akageuza "saa ya ndani" ya kinanda kuwa "saa ya nje", kifuate ya kompyuta. Nikabonyeza kompyuta, kinanda kikaanza chenyewe. Nikabonyeza mara kumi na moja, kuona tu. Mjomba akasema nikirudia tena anakibeba.

Ijumaa, tarehe 8
Nimerekodi upya. Traki nne, zote zinaanza pamoja. Dada aliomba kusikia filimbi mara mbili, huku akijifanya anatafuta sindano. Nimetumbukiza flashi katika kisanduku cha studio saa kumi kasoro dakika sita. Jina sikuandika. Mkuu angeweza kupita.

Jumatatu, tarehe 11
Tangazo mlangoni mwa studio: mwenye traki zisizo na jina aje leo, kazi ni yake. Watatu wamejitokeza, Mhuri akiwa wa pili. Fundi kawauliza nyaya zilichomekwaje. Wakatoka mmoja mmoja. Kuvuka barabara ni hatua arobaini. Lakini Mkuu alikuwa dirishani.
Basi nimemwandikia fundi barua, bila jina, inayosema hivi: Ukitaka kunipata, usije masjala. Piga simu duka la mshonaji wa pembeni, uliza kama shati la mteja wa kimo cha kati liko tayari. Atapokea mwanamke. Hajui lolote kuhusu mpango huu, kwa hiyo atakata. Piga tena. Akikata mara ya tatu, atanilalamikia wakati wa chakula, nami nitajua ni wewe.