Yaliyomo Yanayojipanga Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Ta. Bado naisikia. Rula ya karani wa ofisi ya uzamili ikigonga ukurasa. Alifungua tasnifu yangu kwenye yaliyomo, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akafunua ukurasa uliotajwa. Kichwa hakipo. Ta. Mstari wa pili. Ta. Mara thelathini na nne, kisha akachoka. Najua idadi kwa sababu foleni nzima nyuma yangu ilikuwa ikihesabu.

Miaka mitatu ya utafiti juu ya unyenyekevu, kurasa mia mbili na sita, na hakusoma hata sentensi moja! Akanirudishia. Akaniambia kwa upole kwamba mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo nitahitimu na wa mwakani.

Kosa si langu. Yaliyomo niliyapanga kwa mkono, nukta moja moja, kutoka kwenye kichwa hadi kwenye namba ya ukurasa. Nukta elfu mbili na ushee. Kisha Profesa, msimamizi wangu, akanitaka niongeze aya za kumsifu rafiki yake katika sura ya kwanza. Aya zikasukuma kurasa zote mbele. Yaliyomo yakabaki palepale, kama mpangaji ambaye hakuambiwa kwamba nyumba imeuzwa.

Mama kanishauri nimuulize mdogo wangu. Mdogo wangu! Kasomea ukatibu miezi tisa. Nikamweleza mama kwamba hili ni suala la kitaaluma. Mama akasema haya, ila mwenye kulijua yuko jikoni anaosha vyombo, na zamu ilikuwa yangu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima nimebadilisha namba. Nilipomaliza nikapunguza mchoro mmoja uliokuwa umevimba. Kurasa zikarudi nyuma. Nikalaza kichwa juu ya meza kwa muda ambao sitautaja.

Mdogo wangu akapita na kikombe cha chai, akasimama nyuma ya kiti changu. Anavyosimama akitaka kusaidia ni aina ya tusi. Akasema kompyuta inaweza kuyapanga yenyewe: unakipa kila kichwa cha habari mtindo wa kichwa, kimoja kimoja, kisha unaiagiza ikusanye vichwa vyote pamoja na kurasa zake. Nikamjibu najua. (Sikujua.) Akasema sawa dada, msomi ni wewe, akaenda zake.

Kimoja kimoja! Vichwa themanini! Hayo ni mawazo ya kikatibu. Mimi nina mpango. Vichwa vyangu vyote ni vya herufi nzito. Nitaiamuru mashine itafute kila mstari wa herufi nzito na kuufanya kichwa. Amri moja tu. Miaka mitatu ya uzamili haikwenda bure.

Jumatano, 5 Machi

Imekubali! Yaliyomo yamejitokeza yenyewe, kurasa sita. Nilitarajia tatu, lakini sikuyasoma. Nani anasoma yaliyomo ya kazi yake mwenyewe? Nilitazama tu namba zilivyosimama kulia kama askari, nikachapa nakala, nikakimbia.

Rula ilipita kurasa zote sita bila mlio. Mara moja tu karani alisita. Akanitazama, akautazama mstari, akafunua ukurasa. Kichwa kilikuwapo. Akaendelea. Akapiga muhuri, akasema hajawahi kuona orodha iliyolingana hivi tangu aanze kazi. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa pole, ili watu wapate nafasi ya kuniona. Mdogo wangu nilimwambia tu kwamba kuna njia ya mkato ambayo huenda hawakufundishwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Maelezo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijiandikia maneno ya siri ndani ya tasnifu, katikati ya aya, mahali uchungu uliponishika. Niliyaandika kwa herufi nzito kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa rangi nyeupe kwa sababu nina adabu. Ningeyafuta mwishoni. Nilisahau. Mashine haikusahau. Ilikuta herufi nzito, ikazifanya vichwa, na vichwa vina rangi yake: nyeusi.

Profesa aliniita ofisini. Nakala ilikuwa wazi mezani.

*Hapa nimelazimishwa kumsifu rafiki yake ........ 12*
*Profesa hajasoma kitabu ninachokinukuu hapa, nimemtega ........ 57*
*Sura hii naichukia ........ 92*

Alivua miwani. "Hiyo ya hamsini na saba ni kweli," alisema. "Sijakisoma. Lakini ndiyo uitangaze kwenye orodha?"

Niliifunga nakala. Akasema nakala za watahini amezichukua mwenyewe kabla hazijafunguliwa. Nimpelekee karani nakala safi kesho kabla ya saa kumi, ama tuonane mwakani.

Nikaenda kwa mdogo wangu. Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye orodha, taratibu, kikasimama. *Mdogo wangu anadhani kubonyeza ndiyo akili ........ 118.*

"Mia moja na kumi na nane," alisema. "Si haba, dada. Kwa mtu wa miezi tisa nimefika mbali."

Kisha akavuta kiti, akafuta siri zangu zote, akavipa vichwa vya kweli mtindo wake, kimoja kimoja. Saa mbili na nusu bila kunitazama. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa na sentensi nzuri, ila ilikuwa na vifungu vitatu na sikujua nianzie kipi. Nikaosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Kabla hajaenda kazini aliniambia nisiguse kitu. Na nikigusa, niisasishe orodha ili isome kurasa upya, kitufe kiko juu yake, kazi ya sekunde moja.

Kazi ilikuwa safi. Saa nane mchana dhamiri ikanishika. Nikaandika shukrani kwa ajili yake, kabla ya sura ya kwanza. Kurasa mbili kamili. Nimemwita mwalimu wangu. Nimesema ukatibu ni taaluma. Nimelia kidogo kwenye aya ya tatu.

Kuhusu kile kitufe, nimelitafakari jambo hilo kwa kina. Kitu kinachojipanga chenyewe, kisha mtu akipange tena? Ama kinajipanga, ama hakijipangi. Huu ni mkanganyiko wa kimantiki, na simlaumu, mantiki hawakufundishwa. Sikubonyeza.

Nimekabidhi saa tisa na dakika hamsini. Karani ameniambia rula atapitisha Jumatatu. Nikamwambia apitishe anavyotaka. Toka hapo nimekwenda moja kwa moja kwa fundi na kitambaa changu cha mahafali. Akauliza kama nina hakika nahitimu mwaka huu, maana kikishakatwa hakirudi. Nikamwambia akate. Amekata.