Bega la Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama! Mwenye uji kinywani na aumeze, mwenye mtoto mkorofi na ambembeleze, maana habari hii haitaki kelele. Nawasimulia vita vya Simiyu mwana wa Barasa, mshika kamera, bwana wa picha zenye ukungu, siku aliyoingia mbuga ya Nakuru katika gari la mkewe kumkabili kifaru.

Lenzi yake, ndefu kama mchi na nzito kuushinda mchi, haikuwa imepata kuzaa picha ya maana. Simba wake walikuwa moshi, twiga wake uji. Ndipo Nekesa mkewe, shujaa wa usukani, alipomtamkia mumewe mbele ya mama yake mzazi aliyeketi kiti cha mbele:

“Baba Nafula, leo nataka picha moja tu inayoonekana. Ukikosa, hilo lidude narudisha dukani kesho asubuhi.”

Simiyu hakutishika, kwani alikuwa na ngao. Alikuwa ameshona mfuko kwa mguu wa suruali kuukuu, akaujaza maharage, ili ailaze lenzi juu yake isicheze. Lakini ole wake! Waliposhuka kula chapati, aliuacha juu ya boneti. Akaja nyani dume, jemadari wa wezi, akaukwapua, akapanda mwambani, akaupasua na kutafuna maharage huku akimkazia macho mwenyewe.

“Rudisha, ewe mhuni wa mwituni!” alinguruma Simiyu.

Nyani akajikuna.

Alasiri ikafika, na kifaru naye akafika, akasimama kushoto kwa gari. Nekesa akazima injini ili lenzi isitetemeke. Simiyu yuko nyuma, na dirisha lake limezibwa na kichaka. Njia ilikuwa moja, dirisha la mbele, nayo ililindwa na ngome ambayo hakuna Mbukusu mwenye adabu aliyewahi kuivamia: bega la mama mkwe. Tangu harusi hajampa mkono, wala mama huyo hajamsemesha ana kwa ana.

Akanyoosha lenzi hewani kwa mikono mitupu. Ikacheza ngoma ya isukuti. Nekesa akaangua kicheko.

“Usicheke, Mama Nafula! Gari linatikisika!”

“Nicheke nisicheke, dukani inarudi.”

Simiyu akataka kulia, kweli kabisa. Mara mama mkwe akakunja leso yake mara kadhaa, akaibandika begani, akasema huku akitazama mbele:

“Nekesa, mwambie huyo mtu alaze chombo chake hapa.”

“Mama! Na mila?”

“Mila inasema asiniguse. Chuma si mtu. Afanye haraka, mimi si kigingi.”

Simiyu akailaza ile lenzi kama anayelaza kichanga. Mama mkwe akabana pumzi. Nekesa akauma mdomo. Hata nzi ndani ya gari alitua. Simiyu akafyatua!

Wakatazama. Pembe hakuna, uso hakuna. Kifaru alikuwa amegeuka. Lakini makalio yale, jamani! Kila kunyanzi lilihesabika, kila unywele wa mkia, hata kupe aliyejishikiza pale.

“Haya,” Nekesa akasalimu amri. “Inaonekana.”

Ndipo mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu mahari, akamgeukia Simiyu mwenyewe.

“Mkwe wangu, itie fremu kubwa. Naitundika sebuleni. Wakiniuliza nani kapiga, nitawaambia. Wakiniuliza nani kashikilia, nitawapa chai.”

Basi andikeni, enyi watunza tarehe, na wajukuu wakariri: Nakuru, mbele ya mashahidi wawili na nyani mmoja aliyeshiba, makalio yalionekana.