Sanduku la Besi la Tata Mulumba

Jumatatu, 3 Mei 1993

Musonoi yote, mtu akitaka kujua mambo ya sauti, anakuja kwangu. Hata wahandisi wa mgodi walikuwa wananiuliza, zamani mgodi ukiwa mgodi.

Jirani yangu Tata Mulumba, fundi wa umeme, anafukuzwa kwenda Kasai pamoja na Wakasai wenzake wote. Wiki tatu sasa analala gare, kwenye stesheni, na mkewe Mama Ndaya, wanangoja treni. Leo ameniachia sanduku lake la besi, spika kubwa ya sauti nene, alilojenga kwa mikono yake. Kule hana nyumba wala kazi. Amesema besi hiyo, akipiga muziki kwenye ndoa za watu, ndiyo itawalisha. Lakini vijana wa Kisimba, mwenye bar ya hapa mbele, wananyang'anya wanaoondoka kila kitu. Basi mi nifiche, nipeleke siku treni itaingia. Nimeapa.

Ameomba jambo moja tu: nisiipige.

Jumanne, 4 Mei

Nimeipiga. Kidogo. Kosa ni la Kisimba, redio yake inakohoa kama mbuzi.

Sebuleni nimeweka spika mbili, kila moja kama mkate. Sanduku lenyewe liko jikoni, nyuma ya magunia ya makala ya kupikia, waya chini ya mkeka. Sayansi hii: sauti nyembamba, sikio linajua imetoka wapi. Sauti nene inajaza lupango mzima, nyumba na ua, hakuna anayejua imeingilia wapi. Mke wangu Blandine ameuliza nani kanifundisha. Nimemjibu ni akili yangu mwenyewe. Amecheka, akaendelea kutwanga majani ya sombe.

Wateja wa Kisimba wamehamia kwangu na chupa zao. Wanasema spika za Tata Banza ni ndogo lakini zina kifua.

Alhamisi, 6 Mei

Kisimba amekuja mwenyewe. Ameinama mbele ya spika, amepapasa ukuta, ameingia mpaka chini ya kitanda changu. Tumbo lake lilikuwa linatetemeka kwa besi na bado hakuiona. Mi nimekaa, miguu juu ya meza. Nikaongeza sauti.

Hapo ndipo vifuniko vya sufuria vilipoanza. Kre-kre-kre, kule jikoni. Kisimba akageuza shingo kama kuku aliyeona mahindi. Haraka nikamwambia ni baruti ya mgodini, hapa vifuniko vinacheza hivyo siku zote. Akaniuliza mgodi gani, maana hakujalipuliwa kitu tangu mwaka jana. Halafu: tangu lini baruti inajua rumba, Tata Banza?

Umeme wa bwawa la Nzilo ukakatika hapo hapo. Giza jikoni. Kisimba amesema kesho atarudi na vijana na taa.

Blandine ameingia jikoni gizani. Amechukua bisibisi.

Ijumaa, 7 Mei

Wamelichukua sanduku. Nimelia kidogo, kwa akili, ili waamini. Blandine alikuwa ametoka alfajiri na beseni la bukari, ugali wetu, kichwani, kupelekea watu wa gare chakula.

Jumamosi, 8 Mei

Treni imeingia. Mulumba ameniambia kwamba alipomega bukari jana alikuta chini yake spika ya besi, nzima, imefungwa kitambaa. Mbao atapata kule. Amemshika Blandine mikono yote miwili, muda mrefu. Mi nimemkumbusha kwamba mpango ulikuwa wangu.

Huko bar, Kisimba ameunganisha waya kwenye sanduku tupu na anawagombeza mafundi. Kesho nitamwendea, nimfundishe pa kuliweka. Kwa sayansi yangu atanipa bia.

Jambo moja, na hili libaki humu. Treni ilipopiga honi, Mulumba aliniuliza inatokea upande gani. Nikamwonyesha sokoni, kwa kidole, bila wasiwasi. Ilikuwa nyuma yangu. Sikio langu la kushoto lilikufa mgodini, miaka kumi na tano sasa. Kwa sikio moja mi sijui sauti yoyote inatoka wapi, nene wala nyembamba. Ile habari ya besi, kwamba hakuna anayejua imeingilia wapi, Mulumba ndiye aliyenieleza, na mi nilifikiri ananifariji kwa sikio langu.