Haki za Binadamu za Nchi Moja ya Mbali

Wananchi wote wa Korogwe, pamoja na jirani zetu wa Handeni ambao huwa wanatuiga, wanatangaziwa kwamba utafiti wa wanafunzi kuhusu sheria za kimataifa, haki za binadamu na mambo ya dunia sasa una mwenyewe. Mwenyewe ni Kamati ya Kuratibu Udadisi wa Wanafunzi, na katibu wake ni mimi, Castory. Kabla ya kamati hii mwanafunzi aliweza kuamka tu asubuhi, akapiga mswaki, akaanza kuuliza watu maswali. Tulikuwa tumefikia huko.

Wa kwanza kufika mbele yetu alikuwa Asnath, binti wa Manundu anayesoma sheria chuoni. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwa kila mjumbe, kisha akaharibu. Alitaka kutafiti haki ya kupata maji katika mikataba ya kimataifa, na mahali alipochagua ni Kambi ya Juu, kitongoji cha kule Magoma ambako mababu walikuja kukata mkonge na ambako bibi yake, Bibi Fausta, anaishi mpaka leo.

Nilimweleza kosa lake kwa upole. Sheria za kimataifa zina mataifa yake. Magoma ni kata. Huwezi kuchukua mkataba uliotiwa saini na marais ukaenda kuusomea watu walioinama wanapalilia mahindi; ni kuwakosea adabu marais, na mahindi yenyewe hayatanufaika.

"Kuna kisima pale," alisema. "Kilikamilika tangu mwaka jana. Kimepigwa kufuli."

Hapo ndipo nilipojua kwamba vyuo vyetu vimeshuka. Kisima hakijapigwa kufuli; kinasubiri kuzinduliwa. Pampu ipo, tangi lipo, koki zipo, utepe upo, na ufunguo uko mfukoni mwangu, mahali salama. Kilichobaki ni mgeni rasmi, Mheshimiwa Deogratius, ambaye ameahirisha kwa sababu za msingi: mara semina, mara gari, mara mafua. Na maji yakinywewa hivi hivi, siku akifika atazindua nini? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni asipokuja mwenyeji afanyeje, kwa hiyo wenyeji wanateka bwawani pamoja na ng'ombe, kwa muda.

Tulimpa kibali kwa sharti kwamba atafiti haki za nje ya nchi. Akauliza nchi gani. Kamati ilikaa mchana kutwa. Nchi jirani haikufaa, tungevunja ujirani mwema. Nchi zinazotufadhili ndiyo usiseme kabisa. Zile zinazonunua mkonge wetu nazo tukaziondoa, na tulipomaliza kuondoa, kwenye ramani ilibaki bahari. Tukaamua atafiti "nchi moja ya mbali", bila jina, kwa sababu za kidiplomasia. Asnath alishukuru akaondoka. Niliwaambia wajumbe kwamba yule ni mtoto msikivu, siyo hawa wengine wajuaji.

Haukupita muda, Mheshimiwa Deogratius akathibitisha kwamba anakuja. Ratiba ya uzinduzi ilikosa kipengele cha vijana, na yeye hupenda sana vijana, ilimradi wasizidishe dakika. Nikamwita Asnath aje asome matokeo ya utafiti wake. Kambi ya Juu nzima ilihudhuria, ndoo mikononi, jambo nililolichukulia kuwa hamasa.

Binti akasoma. Alisema katika nchi moja ya mbali kuna kisima kilichokamilika, ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mmoja, lakini wananchi wamekatazwa kukigusa mpaka aje mkubwa mmoja akate utepe. Mkubwa haji. Wanawake wa nchi hiyo wanashuka bwawani. Kuna mtoto alihara mpaka akalazwa, akarudi nyumbani hawezi hata kusimama. Kuna bibi aliteleza na ndoo akavunjika mkono.

Mama mmoja wa mstari wa mbele alimkumbatia mwanawe mwembamba akaanza kulia. Watu wetu wana huruma sana na mataifa mengine. Bibi Fausta, ambaye mkono wake ulikuwa umening'inizwa kwenye kanga kwa sababu ambazo sikuziuliza, alitikisa kichwa taratibu.

Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilinyakua kipaza sauti nikasema ukatili huo haujapata kuonekana. Nikasema huyo mshika ufunguo wao hakuzaliwa na mwanamke, na huyo mkubwa wao anayesubiriwa kama mvua anastahili kunyweshwa maji ya bwawa lile lile, hadharani, mbele ya watu aliowakausha koo. Mheshimiwa Deogratius alisimama akapiga makofi. Akasema jambo hili lisiishie kwenye maneno, liwe azimio, na anayeliafiki anyooshe mkono. Sijawahi kuona Kambi ya Juu ikikubaliana namna ile. Hata wale wasiosemezana kwa ugomvi wa mipaka ya mashamba walinyoosha.

Wa kwanza kutekeleza azimio alikuwa Bibi Fausta. Alisogea mpaka meza kuu akiwa na kikombe cha plastiki katika mkono wake mzima.

"Shikamoo, bibi," Mheshimiwa alisema. "Maji ya wapi haya?"

"Marahaba, mwanangu. Ya nchi ya mbali." Akakiweka juu ya kitambaa cheupe. "Mbali na kwako."

Ndani ya kikombe kulikuwa na kitu kidogo kinaogelea. Mheshimiwa alikitazama, kisha akanitazama mimi, na hapo nikaelewa kwa nini wengine huwa waheshimiwa na wengine makatibu.

"Mila zetu ziko wazi," alisema. "Anayemkaribisha mgeni huonja kwanza, atoe uchawi. Katibu, karibu."

Nilionja. Bibi Fausta akasema kuonja ni pamoja na kumeza, nikameza. Ladha sitaieleza, ila ng'ombe alikuwemo. Baada ya hapo miguu yangu iliamua bila kusubiri kikao. Nilikimbilia kisimani, utepe ukanikatikia kifuani, nikafungua kufuli, nikafungulia koki, nikasukutua, nikasukutua tena. Maji yalikuwa ya baridi na matamu, na sioni aibu kusema yalinitoa machozi. Nilipoinua kichwa, Asnath alikuwa tayari anamkingia bibi yake ndoo, na nyuma yao wanawake wamejipanga mpaka barabarani.

Kwa hiyo kumbukumbu ziwekwe sawa: kisima cha Kambi ya Juu kilizinduliwa na mimi, kwa kusukutua. Mheshimiwa Deogratius alifika na mkasi wake, akauliza utepe uko wapi, kisha akashusha sauti, akaomba maji kidogo maana jua lilikuwa kali. Bibi Fausta alimwonyesha mwisho wa foleni.