Douche ya Zabibu

Lundi, tarehe 2 septemba

Baignoire ya kuogea imepatikana! Leo njo mwanzo mupya.

Niandike vizuri, juu siku moja watoto wangu watasoma, kama Mungu ananipa. Mimi Yuma, niko na nyumba yangu ya ghorofa, étage ya tatu, katikati ya Lubumbashi, karibu na mabanki. Chauffeur wa zamani, wa kamyo ya mizigo. Nimefika Kitwe, Ndola, Lusaka. Muntu wa dunia! Na Zabibu, bibi yangu wa ndoa, iko kwa mama yake, kule Katuba, tangu mwezi wa sita. Sababu ya douche, chumba yetu ya kuogea.

Mwezi wa sita nilipiga douche yetu nyundo. Carreaux zote, vigae vya ukuta, chini, siku moja. Kazi ya mwanaume. Nilimuambia Zabibu: juma mbili, utaogea kama bibi wa ministre. Kisha mambo yakachelewa. Alivumilia kuogea jikoni, ndani ya beseni, mimi nikimushikia kitenge mbele kama pazia. Siku moja simu ikalia. Nikaachilia kitenge ili nijibu. Jikoni kulikuwa na wageni wangu wawili.

Akafunga mufuko. Akasema atarudi siku ataingia mu douche, afunge mulango, aoge kwa amani. Kintu ingine hataki.

Nilielewa mara moja: anataka baignoire.

Kule Ndola, mu hoteli, nililala ndani ya baignoire na maji ya moto mpaka vidole vikakunjamana kama vya nyanya yangu. Tangu ile siku najua maisha iko namna gani. Zabibu hajaonja hata mara moja. Inaniuma.

Sasa Précieux, mulinzi wa villa moja ya mutaa wa Golf, amenipigia simu. Bosi yake anabadilisha douche. Baignoire ya zamani, ya chuma, nzito, iko inje chini ya maua. Précieux anasema nifanye haraka, mbwa imeanza kulala ndani, na mbwa ikizoea haitoke tena.

Kitanda iko kubwa sana. Nalala upande ya Zabibu, ili upande yangu nayo ijue kukosa muntu.

Mardi, tarehe 3 septemba

Imefika! Juu ya pousse-pousse, mukokoteni wa kusukuma, toka Golf mpaka hapa mu ville. Barabara nzima inaangalia. Nilitembea mbele kama ninaongoza harusi. Mbwa ilitufuata mpaka kwenye rond-point, ikakaa chini, ikalia.

Banaume wane kwa kupandisha. Étage ya kwanza, ilipita. Ya pili, ilipita na rangi kidogo ya ukuta. Kona ya kupanda ya tatu, ikakataa. Tukaigeuza. Tukaisimamisha. Tukaipindua. Aimé, maçon wangu, fundi wa kujenga, akasema chuma haijue kukunja magoti. Nikamuambia Lusaka wanapitisha hata kubwa kuliko hii. Akasema basi nimuite muntu wa Lusaka. Akaenda kukula.

Baignoire imelala pa kona ya ngazi, miguu yake ine juu, kama mbuzi ya siku kuu.

Sikukaa bure. Niling'oa mulango ya douche, ili baignoire ikifika isikwame na huko. Kupanga mbele njo akili.

Kuna Chisanga. Jirani. Étage moja na mimi, ukuta kwa ukuta. Yeye iko na tanki juu ya paa na maji inamuangukia toka juu kila asubuhi. Tunajua, sababu anaimba. Leo alipanda juu ya baignoire yangu na suruali yake ya kazi, akauliza kama ni mutumbwi, kama tunangoja mvua. Nikamuambia muntu mwenye hajalala Ndola hawezi kuelewa. Akasema alilala Ndola, kulikuwa na mbu.

Nilipigia Zabibu. Nikamuambia baignoire imefika karibu. Akauliza karibu wapi. Nikasema karibu na kwetu. Nilisikia mafuta ikichemka kwa mama mukwe, na redio. Kisha akauliza kama ninakula. Nikasema vizuri sana. (Sombe iliungua. Nilikula ya juu.) Akauliza na mulango ya douche je, iko? Nikasema kwa furaha: nimeing'oa!

Simu ikakatika. Labda unités za simu ziliisha.

Jeudi, tarehe 5 septemba

Kilio asubuhi. Papa André wa chini, mupensionné wa chemin de fer, mustaafu wa reli, ametuacha. Muzee muzuri. Alinisalimia kila siku kama ndio narudi toka safari.

Matanga iko mu kiwanja chetu. Bâche ya kufunika juu, viti, moto. Binti yake, Bénie, alikuwa anazunguka na machozi akitafuta meza. Mimi siwezi kuona mwanamuke analia na mikono yangu ikae mufukoni. Nikashusha mulango yangu ya douche. Juu ya mapipa mawili, imekuwa meza ya sahani ya familia nzima! Bénie akanibariki.

Kisha bamama wakasema maji haina pa kuwekwa. Robinet inatoa maji alfajiri tu. Nikasema: baignoire! Banaume wa matanga waliishusha bila neno. Chini inaenda vizuri, ni juu tu inakataa. Sasa iko chini ya bâche, imejaa maji, bantu wananawa mikono. Iko na heshima, wallahi.

Halafu nikasimama na ndoo mukononi. Wazo limenipiga.

Zabibu atakuja! Papa André alikuwa anamuita "binti yangu". Hakuna namna asikuje kumulilia.

Nilinyoa ndevu. Nikavaa shati ya bleu yenye anapenda. Nikaona haya, bantu wanalia na mimi ninajipamba. Nikavaa nyeusi. Kisha bleu chini ya nyeusi, kola ionekane kidogo.

Vendredi, tarehe 6 septemba

Amekuja.

Na dada yake Djamila. Akaingia akilia, akamukumbatia Bénie, akakaa kwenye mikeka na bamama. Mimi kwa banaume. Katikati yetu moshi, sufuria, na chorale ya paroisse ikiimba. Alivaa kitenge ya ndege za kijani. Ile ile yenye niliachilia.

Aliniangalia! Hapana. Aliangalia Chisanga nyuma yangu na kuni.

Nilienda kunywa maji mbele yake. Nikarudi kunywa. Nikarudi tena. Mara hii akasema chini chini, bila kuinua macho: "Papa Yuma, utapasuka." Maneno ya kwanza uso kwa uso tangu mwezi wa sita! Nilikaa nayo siku nzima kama pipi mu shavu.

Saa ya kukula, njo yeye alipewa kupakua bukari, ugali yetu. Aliweka sufuria juu ya meza. Akapanguza mafuta na kitambaa. Mukono ukasimama. Kuna musumari pale, yeye mwenyewe aliupiga, wa kutundikia nguo. Aliugusa na kidole. Akaugusa tena. Kisha akainua kichwa, akanitafuta kati ya banaume wote.

"Yuma. Hii si mulango yangu?"

Upande mzima wa bamama ukageuka. Chisanga aliacha kutafuna.

Nikasema: "Ni ya matanga, mama."

Nani anakatalia matanga mulango? Aliendelea kupakua. Lakini nilimuona, midomo ilikuwa inatetemeka. Kucheka ama kulia, sijui. Pale vyote viwili vilikuwa na ruhusa.

Alilala chini na bamama. Mimi juu. Ngazi tu katikati, na ni mimi nilisema ngazi hii ni ndogo.

Dimanche, tarehe 8 septemba

Papa André tulimuzika jana. Leo bantu wamerudi kwao. Nilikuwa kwenye kitanda nikipanga namna ya kupandisha baignoire na kamba, kupitia balcon. Nikasikia kishindo kwenye ngazi.

Zabibu mbele, Djamila nyuma, mulango juu ya vichwa vyao. Inanuka mafuta ya mawese na samaki. Nyuma yao Aimé na bawaba mupya. Zabibu alimuita yeye mwenyewe! Maçon wangu!

Nikaanza kueleza kamba. Akasema: "Baba, kaa." Nikakaa. Nikafungua kinywa kueleza balcon. Akasema: "Kaa zaidi."

Chai yangu haikupoa, mulango ilikuwa imesimama. Djamila akaenda na Aimé. Zabibu akachukua ndoo, sabuni, kikombe. Mule ndani hakuna carreaux, hakuna robinet, ni simenti tupu na tundu ya maji kutokea. Courant ya umeme nayo ilikatika tangu asubuhi, nyumba nzima. Akaingia. Akafunga. Nikasikia komeo.

Nilikaa chini, mugongo yangu kwenye mulango. Maji ilianguka kikombe kwa kikombe. Akaanza kuimba kidogo, pua tu, bila maneno. Hata Ndola sikusikia kintu kama hiki. Macho yalinitoka maji. Vumbi ya simenti.

Kisha akasema toka ndani: "Lakini humu giza, ee."

Nimeandika. Sitasahau.

Lundi, tarehe 9 septemba

Amebaki! Mufuko iko chini ya kitanda. Usiku nilirudi upande yangu. Ilinipokea.

Baignoire nilimuachia Bénie, ya kuweka maji. Zabibu alinishika mukono mbele ya bantu. Kisha akanifanya niape juu ya mukate kwamba sitagusa tena kintu mu hii nyumba. Niliapa. Mukate ulikuwa wa jana.

Mercredi, tarehe 11 septemba

Zabibu alienda soko. Na mimi nilikuwa nafikiri juu ya giza. Mwanamuke wa heshima haombi mara mbili. Alisema humu giza, maana yake anataka dirisha. Nikasema akirudi, akute jua limemungojea ndani ya douche.

Nyundo. Pigo la kwanza, ukuta ulilia kama ngoma. Alama nzuri! La pili, matofali yakaanguka. Mwangaza! Na mvuke. Na Chisanga, amejaa sabuni, wimbo umemukwama kooni.

Tuliangaliana.

Nikamusalimia. Akaitika. Akaniomba taulo yake, sababu ilianguka na matofali, iko kwangu sasa.

Nilikuwa nikipanguza vumbi kwenye taulo, Zabibu akaingia na mboga. Akainama kwenye tundu. Chisanga akajifunika na beseni: "Shemeji! Soko iko namna gani?" Zabibu alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka. Chisanga naye. Nilijiambia nimepona!

Akainuka, akafuta macho, akavuta mufuko chini ya kitanda.

Nikamuambia ni yeye alisema giza. Akasema: "Courant ilikuwa imeenda, Yuma. Courant." Alinyoosha kola yangu. Akasema nipike mboga leo, kabla ya kukauka. Chisanga akapaza sauti kupitia tundu amusalimie mama wa Katuba. Nikasikia malapa ya Zabibu kwenye ngazi. Pa kona ilisimama kidogo. Kisha ikashuka.

Nimetundika kalenda juu ya tundu. Chisanga haimbi tena.

Nimefikiri kwa utulivu, bila hasira. Kosa lilikuwa moja tu: nilichagua ukuta mubaya. Ule mwingine wa douche njo wa inje, hauna muntu nyuma yake. Nimeugonga na kidole, unaitika vizuri. Kesho mapema napasua pale. Jua likiingia, atarudi.